Kiangazi cha Gisozi: Maranda, Vumbi na Madumu ya Maji

Mvua za masika zikoma­po, vilima vya Kigali hubadili rangi. Majani hukauka, vumbi jekundu hupanda hewani, na akina mama wa Gisozi hulazimika kufuta meza asubuhi, kisha tena jioni. Wanyarwanda huuita msimu huu impeshyi. Huanza mwezi wa Juni na kuendelea hadi mvua za Septemba zirudipo.

Gisozi ni tarafa ya Wilaya ya Gasabo, nayo hujulikana zaidi kwa mbao. Hapo ndipo lilipo soko la mafundi liitwalo Gakiriro, lililohamishiwa huko kutoka katikati ya jiji. Mahali pa zamani paliitwa Gakinjiro; jina la sasa latokana na neno gukira, yaani kupona au kutajirika. Maseremala, wachomeleaji vyuma, washonaji wa makochi na wauza misumari hufanya kazi bega kwa bega, wengi wao wakiwa katika vyama vya ushirika. Mbao za mkaratusi na za msonobari huingia zikiwa mbichi, hutoka zikiwa vitanda na makabati.

Kiangazi ndicho kipindi cha mavuno kwa mafundi hawa. Harusi nyingi za Rwanda hufanywa miezi hiyo, na bwana harusi asiye na kitanda kipya hutazamwa kwa jicho baya. Kwa hiyo randa huimba tangu alfajiri, na maranda hulundikana mlangoni kabla hajapatikana wa kuyaondoa. Lakini miezi hiyo hiyo ndiyo ambayo kila kitu huwa kikavu. Cheche moja ya mchomeleaji ikiangukia unga wa mbao, karibu na kopo la vanishi au sponji ya kochi, haihitaji msaada wa mtu.

Yamekwisha kutokea. Moto uliunguza sehemu za soko hilo mwaka 2019, ukarudi 2021, na tena 2023. Kikosi cha zimamoto, ambacho nchini Rwanda kimo chini ya Polisi ya Taifa, kilikuwa na kazi kubwa. Hasara ya fundi si mbao peke yake. Huungua msumeno alionunua kwa mkopo, na kabati la mteja aliyekwisha kulipa nusu ya bei. Mkopo wenyewe hauungui. Ndiyo maana suala la bima, ambalo wengi huliona kuwa anasa ya matajiri, lastahili kuzungumzwa nyumbani, mume na mke wakiwa pamoja, kabla ya mashine kununuliwa.

Kwa familia zinazoishi jirani na karakana, maranda yasirundikwe ukutani mwa jiko, hata kama ni ya bure na huwaka vizuri. Yachukuliwe ya kutosha siku moja tu. Debe la mchanga likae mlangoni. Ni rahisi kulipata kuliko maji, hasa msimu huu ambapo mabomba huweza kukauka na madumu ya manjano yakapangwa foleni. Maji yaliyosuuza nguo yasimwagwe ovyo, kwani hufaa kutuliza vumbi la uani na kunywesha migomba.

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda. Watu wenye umri wa miaka 18 hadi 65 hutoka asubuhi na majembe na mafyekeo; wanajeshi na polisi nao hushiriki. Kiangazi ni wakati mwafaka wa kuzibua mitaro, kwa kuwa mtaro ulioachwa na takataka mwezi wa Agosti huingiza maji chumbani mwezi wa Oktoba. Kazi hii haina sifa nyingi, lakini katika mji wa miteremko mikali kama Kigali hakuna iliyo na faida zaidi.

Katika tarafa hiyo hiyo wamezikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Ukumbusho wao ulifunguliwa mwaka 2004, na mwaka 2023 uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Siku mia za maombolezo, zinazoanza tarehe 7 Aprili, humalizika mwanzoni mwa Julai. Baada ya hapo sherehe za harusi hupamba moto, na Gakiriro maagizo ya vitanda huanza kumiminika.