Elimu ya Watumishi ni Ngao ya Taifa

Ulinzi wa nchi haukomei mpakani. Taifa linalotegemea mafuta ya kununua ng'ambo ili kuendesha mitambo yake ya umeme hutikisika kila bei ya mafuta inapopanda, hata kama majeshi yake ni hodari. Hayo yalidhihirika mwaka 1973, bei ya mafuta ilipopanda ghafla ulimwenguni, na nchi zisizo na visima vya mafuta zikalazimika kutumia fedha zao chache za kigeni kununua nishati. Jirani yetu Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi hizo.

Hata hivyo, Kenya ilikuwa na hazina yake, nayo ni mvuke wa moto ulio chini ya Bonde la Ufa. Visima vya kwanza vilichimbwa Olkaria, karibu na Naivasha, katika miaka ya 1950, lakini umeme ulianza kupatikana mwaka 1981, kwa mtambo wa megawati 15. Mvuke peke yake hautoshi. Sharti wawepo watu wa kuuelewa, kuupima na kuutungia sera.

Mwaka 1978 nchi ya Iceland, yenye uzoefu mrefu wa nishati hiyo, ilikubaliana na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kuanzisha mafunzo ya miezi sita mjini Reykjavik. Wanaopokelewa ni watu ambao tayari wana kazi, wengi wao wakiwa watumishi wa serikali na mashirika ya umma ya nchi zinazoendelea. Mwaka 2000 iliongezwa shahada ya uzamili, na baadaye ya uzamivu. Mazingira ni mojawapo ya masomo yao. Tangu mwaka 2020 mafunzo hayo yako chini ya UNESCO. Hapana nchi iliyopeleka wanafunzi wengi kuliko Kenya. Mtumishi wa namna hiyo huenda na maswali ya kazini kwake, na akirudi huja na majibu. Leo mvuke huo huipatia Kenya zaidi ya theluthi moja ya umeme wake.

Lakini ujuzi wa mitambo ni nusu tu ya kazi. Olkaria ni malisho ya Wamasai, na sehemu yake imo katika Hifadhi ya Hell's Gate. Mwaka 2014, mtambo wa Olkaria IV wa megawati 140 ulipokamilika, familia zilizokuwa zikiishi hapo zilihamishwa. Wakazi walilalamikia ardhi waliyopewa, barabara na hati za umiliki, wakapeleka malalamiko yao Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Mapatano yalifikiwa mwaka 2016, baada ya usuluhishi.

Funzo la tukio hilo ni wazi. Mhandisi huweza kuchimba kisima kirefu, lakini anayejua sheria ya ardhi, haki za wakazi na madhara ya mradi ndiye awezaye kuzuia ugomvi kabla haujazuka. Asipokuwapo mtu huyo mwanzoni, askari polisi ndiye huitwa mwishoni, naye hukabidhiwa fujo ambayo hakuisababisha na ambayo rungu haliwezi kuitatua. Kinga ni bora kuliko tiba.

Haifai, basi, kumwona mtumishi anayerudi darasani kuwa ni mtoro wa kazi. Yeye naye hana budi kukumbuka kwamba shahada aliyosomeshwa kwa jasho la wananchi ni deni. Na wakubwa wake wana wajibu wa kumpa kazi inayolingana na elimu yake, badala ya kuiacha ioze kabatini.

Bonde la Ufa halikuishia Kenya. Limeingia Tanzania, na dalili za joto hilo zipo Ngozi, mkoani Mbeya. Taifa lisilo na wataalamu wake hutia saini mikataba iliyoandikwa na wengine. Wenye dhamana ya kulinda uhuru wa nchi wana kila sababu ya kutaka kalamu hiyo ishikwe na mwananchi aliyesoma.