Je, wajua? Stani hulia ikipindwa

Ukitoka Masisi, mashariki mwa Kongo, ukapitia Kashebere kuelekea Walikale, unaingia nchi ya kasiterite. Jiwe hilo, linalochimbwa Bisie, likiyeyushwa hutoa stani, metali laini ambayo mche wake ukiupinda hulia “krr”: ni fuwele zake zinazogeuka ndani.

Stani hutumika kulehemu vipuri vya simu. Kwa kupata joto na kupoa kila siku, maungio yaliyolehemiwa huweza kupata nyufa. Ila ufa hausongi hivi hivi. Metali iliyo nchani mwake hulegea na kuvutika kwanza, na hairudi tena ilivyokuwa.

Mwaka 1960, mtafiti D. S. Dugdale alilichora eneo hilo dogo kama ukanda mwembamba unaovutwa kwa mkazo usiobadilika, akalipima kwenye mabamba ya chuma yenye mipasuo. Wahandisi wangali wakiitumia hesabu yake.