Programu ya Majaribio au Programu ya Kujaribia?

Mfasiri mmoja wa hapa Dodoma, aliyepewa hati ya zabuni ya mita za umeme, alituletea swali ambalo kwa kulitazama juu juu ni jepesi. Hati ilitaka programu ya kompyuta ambayo ingewasiliana na mita nyingi katika mtandao mmoja na kuhakikisha kuwa ni nzima kabla hazijafungwa majumbani. Yeye akaandika "programu ya majaribio." Mhasibu wa ofisi hiyo alipoisoma alikataa kuidhinisha fedha: kwa nini inunuliwe programu ambayo bado imo katika majaribio?

Mhasibu hakukosea. Mwaka 2024, kabla ya treni ya SGR kuanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, zilitangazwa safari za majaribio, na kilichojaribiwa kilikuwa treni yenyewe. Wala "programu ya kupima mita" haifai sana, kwani kazi ya mita nayo ni kupima.

Yafaa kwanza tuelewe kazi yenyewe. Kila mita ina anwani yake. Programu huipelekea swali, hungoja jibu, hulilinganisha na jibu lililotazamiwa, kisha huandika matokeo. Kama mita 100 zitakuwa kimya, na kila moja ingojewe peke yake kwa sekunde 3, dakika 5 zitapotea bure. Ndiyo maana programu huuliza mita nyingi kwa pamoja na kuwekewa ukomo wa kungoja. Tena sharti itenganishe kimya na jibu lenye kosa. Mita iliyo kimya yaweza kuwa nzima, ila mawasiliano ndiyo yaliyokatika. Mfasiri akiyaandika yote mawili "imeshindwa," fundi atatupa mita isiyo na kosa.

Taratibu za mazungumzo hayo huitwa itifaki. Watumishi wa Serikali wanalijua neno hili mikutanoni, ambako msemaji hutamka "itifaki imezingatiwa" akaepuka kuwataja wakubwa wote. Mita haikubali njia hiyo ya mkato.

Kosa lisilogunduliwa mapema lina gharama. Mwaka 2024 hesabu ya dakika inayotumiwa na mita za malipo ya kabla, iliyoanzia mwaka 1993, ilikuwa ifikie ukomo wake Novemba 24. Wateja wa LUKU wakalazimika kuingiza kwa mkono makundi ya ziada ya tarakimu 20, nyumba kwa nyumba.

Kuhusu jina, sarufi yetu inalo jibu. Kisu ni cha kukatia, kikombe ni cha kunywea, mizani ni ya kupimia: kauli ya kutendea hutaja kitumikacho. Basi tumempa mfasiri "programu ya kujaribia mita." Mwenzetu mmoja angependa "programu jaribizi," kwa kufuata "programu tumizi." Mimi naliona zito mdomoni, lakini wasomaji wanaoliafiki watuandikie.