FIZI ZINAPOTOKA DAMU: MSWAKI, MAJI NA ZEBAKI



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, safari hii katika ukurasa wa afya tumeona tuzungumzie fizi. Sababu ni jambo tunaloliona kila siku wakati wa udhu. Mtoto anasukutua, akitema, maji yana damu. Wenzake wanamcheka. Kesho yake anasukutua kwa kuogopa, na mwishowe anaacha kabisa kupiga mswaki kwa kuwa eti mswaki ndio unaomtoa damu. Hapo ndipo ugonjwa unapozidi.

Kwanza tuondoe hofu. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, damu ya fizi haitengui udhu. Lakini ni najisi, kwa hiyo mdomo usukutuliwe mpaka maji yatoke safi, na aliyefunga asiimeze kwa makusudi.

Sasa damu inatoka wapi? Vijidudu vya mdomoni hujenga juu ya meno utando laini unaonata, nao ni ukoga. Ukikaa kandokando ya ufizi, ufizi huvimba, huwa mwekundu na hutoa damu ukiguswa tu. Usipoondolewa huo ukoga hugeuka mgumu kama chokaa, na ukishafika hapo hautoki kwa mswaki wala kwa maji; ni daktari wa meno anayeukwangua kwa vyombo vyake. Ukiachwa miaka, ufizi huachana na jino, mfupa unaolishika huliwa, na jino zima lisilo na tundu hata moja hung'oka. Na sisi wa Usukumani tujue pia kwamba michembe, pamoja na utamu wake, hunata kati ya meno na kukaa humo.

Dawa ya kwanza tumeachiwa na Mtume wetu (S.A.W.). Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim alieleza kuwa kilichomzuia kuamrisha mswaki kwa kila swala ni kutotaka kuulemea umma wake. Mswaki wa mti ukitumika vizuri huondoa ukoga na una vitu vinavyopunguza vijidudu. Tatizo letu ni namna tunavyoutumia. Wengi huusugua kwa nguvu kulia na kushoto kama msumeno, na ufizi hurudi nyuma mpaka mzizi wa jino unaonekana. Tafuna ncha kiasi cha sentimita moja mpaka ilainike, kisha piga taratibu kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino, bila kusahau upande wa ndani. Ncha ikichakaa ikate, utengeneze nyingine. Wala si kila kijiti ni mswaki! Minyaa tunayozungushia nyua zetu, ambayo Wasukuma huiita manyara, ina utomvu unaounguza mdomo na macho.

Mswaki, wa mti au wa plastiki, haufiki vizuri katikati ya meno. Kwa ajili hiyo upo uzi wa meno, na siku hizi ipo mashine ndogo ya kusafisha kwa maji. Ilibuniwa Marekani, mjini Fort Collins, mwaka 1962, na daktari wa meno Gerald Moyer na mhandisi John Mattingly. Ndani yake mna pampu inayosukuma maji kwa mapigo ya haraka, zaidi ya 1,000 kwa dakika, kupitia mrija mwembamba. Maji hayo huingia chini ya ukingo wa ufizi na kutoa mabaki, na wanaoitumia kila siku hupungukiwa na damu ya fizi. Aliyetumiwa mashine hii na ndugu wa mjini aianze kwa nguvu ndogo kabisa, atumie maji ya vuguvugu yaliyochemshwa, ainame juu ya beseni na kufuata mstari wa ufizi kwa dakika moja au mbili. Familia inaweza kutumia mashine moja, lakini kila mtu na mrija wake. Wakati wa Ramadhani itumike usiku, maana maji yake ni rahisi kupita kooni. Na haichukui nafasi ya mswaki.

Kwa kweli nyumba nyingi hazitainunua, na hakuna haja ya kusikitika. Bomba la sindano la plastiki, bila sindano yenyewe, hupatikana duka la dawa. Jaza maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa kikombe, na sukuma polepole kati ya jino na jino. Tangu mradi wa maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele uzinduliwe mwaka 2009, Shinyanga na Kahama wana nafuu, lakini anayechota lamboni ni lazima achemshe.

Ukifanya hivi wiki mbili na damu haijakoma, nenda kwa daktari wa meno. Kisukari huharibu fizi, na mama mjamzito naye huvimba fizi kwa urahisi.

Lipo jingine linalowahusu zaidi wenzetu wa Geita. Katika machimbo madogo kama ya Rwamagasa, dhahabu hukamatwa kwa zebaki, kisha zebaki huchomwa ili ipae. Mvuke wake hauna harufu. Anayeuvuta kwa muda mrefu huweza kuvimba fizi, kujaa mate, kusikia ladha ya chuma mdomoni, kutetemeka mikono na kukosa usingizi. Fizi za namna hii hata ukizipigia mswaki mara tano kwa siku hazitapona. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, lakini bado wapo wanaoichomea jikoni, kwenye jiko lile lile la ugali, watoto wamekaa pembeni. Baba anayechimba aichomee mbali na nyumba, katika chombo kilichofunikwa kinachorudisha mvuke, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto. Na mkifika hospitali msitaje fizi tu. Mwambieni daktari kuwa nyumbani kunachomwa zebaki, ili ajue pa kuanzia.