Mtandao Mpya Bado Haujafika Mjini Kwenu? Linda Pesa Zako Unapongoja

Kila kampuni ya simu inapotangaza 4G au 5G, swali katika miji mingi huwa moja: huku kwetu itafika lini? Binamu yako aliye Nairobi anakupigia simu ya video, sura yake inagandia hapo, nawe unatazama alama ndogo juu ya kioo cha simu. Ikiwa ni H, uko kwenye 3G. Ikiwa ni E, umerudi 2G. Bando umelipia bei ile ile anayolipa yeye.

Hasira hiyo tunaielewa. Lakini kuna jambo ambalo wateja wengi hawaambiwi. Kipindi cha kungoja mtandao mpya, na hasa zile siku mafundi wanapokuwa juu ya mnara, ndicho kipindi ambacho mtu anaweza kupoteza pesa zake bila kushtuka. Netiweki ikipotea, kila mtu husema, "Aah, ni wale wanaorekebisha." Mara nyingi ni kweli. Siku ambayo si kweli, dakika kumi zinatosha akaunti kubaki sufuri.

Pesa zako hazingoji 4G

Tuanze na habari njema. Kutuma pesa, kutoa, kulipa tili au kununua tokeni za stima hakuhitaji mtandao wa kasi. Unapopiga kodi kama *334#, ombi lako halipiti kwenye bando. Linapita kwenye njia nyembamba ambayo simu na mnara hutumia kuwasiliana, njia iliyokuwepo tangu enzi za 2G. Ndiyo maana kabambe ya mama mboga inapokea pesa vizuri sawa na simu janja ya elfu themanini.

M-Pesa yenyewe ilianza Machi 2007, wakati 3G ilikuwa bado haijaenea nchini, na watu walituma pesa kwa simu za kawaida za kubonyeza.

Hata ukiwa na simu ya 4G, ukipiga kodi mara nyingi simu hurudi 3G au 2G kwa muda, ikimaliza inapanda tena. Ukiona alama ya 4G imetoweka kwa sekunde kadhaa wakati unalipa, usiwe na wasiwasi.

Kinachohitaji data ni programu ya simu. Kwa hivyo ikiwa programu inazunguka tu na haifunguki, usikae hapo unaigonga. Tumia kodi. Akaunti ni moja na salio ni lile lile.

Kwa nini wengine wanatangulia

Safaricom ilizindua 4G Desemba 2014, ikaanza na Nairobi na Mombasa. Majaribio ya 5G yalipokuja Machi 2021, miji ilikuwa Nairobi, Kisumu, Kisii na Kakamega. Oktoba 2022 huduma hiyo ikaanza kuuzwa rasmi. Airtel nayo ikazindua 5G yake Julai 2023. Ukiangalia orodha hiyo utaona kwamba foleni haifuati ukubwa wa mji kila mara. Mombasa ilikuwa ya kwanza kwa 4G, lakini haikuwa kwenye majaribio ya 5G.

Sababu moja ni masafa. Masafa ya chini husafiri mbali na kupenya kuta, kwa hivyo mnara mmoja unaweza kuhudumia vijiji kadhaa. Masafa ya juu, ambayo 5G huyategemea sana, hubeba data nyingi lakini hayafiki mbali. Yanahitaji minara mingi iliyokaribiana, na kampuni huanza pale penye watu wengi.

Sababu ya pili haionekani kwa macho: njia ya kutoka kwenye mnara kwenda nje. Unaweza kufunga mitambo ya 4G juu ya mnara, lakini ikiwa haujaunganishwa na kebo ya faiba, au kiungo chake cha hewani ni chembamba, ni kama kuweka mfereji mkubwa kwenye tangi dogo. Ongeza hapo stima inayopotea, dizeli ya jenereta, makubaliano na mwenye shamba, idhini ya kaunti, ya NEMA, na ya mamlaka ya usafiri wa ndege kuhusu urefu wa mnara. Mnara mmoja una ofisi nyingi za kupitia.

Je, unaweza kufanya kitu? Ndiyo. Malalamiko ya "netiweki ni mbaya" hayana mahali pa kwenda. Malalamiko yanayosema "soko la mji fulani, wadi fulani, kila siku kuanzia saa kumi na mbili jioni, simu zinakatika" yanaweza kupewa fundi. Wapigie huduma kwa wateja wa kampuni yako ya simu na uombe nambari ya malalamiko. Wasipojibu, ipeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ukiwa na nambari hiyo. Mamlaka hiyo pia ndiyo inayosimamia Mfuko wa Huduma kwa Wote, ambao hugharamia minara katika maeneo ambayo kampuni haioni faida. Wafanyabiashara wa soko moja wakiandika barua pamoja, ina uzito kuliko ya mmoja.

Siku mafundi wakifika

Mnara ukizimwa ili uwekewe mitambo mipya, netiweki inaweza kupotea kabisa au kuja na kuondoka. Kazi kubwa kwa kawaida hufanywa usiku, lakini si kila mara.

Ukipata tangazo la kazi kama hiyo, jiandae kama unavyojiandaa kwa stima kupotea. Nunua tokeni mapema. Karo ya shule usiiachie siku ya mwisho. Weka pesa taslimu kidogo za nauli na chakula. Ikiwa una duka, uwe na laini ya mtandao wa pili iliyosajiliwa kwa jina lako.

Kisha kumbuka kanuni mbili.

Ya kwanza: muamala ukikwama, usirudie kabla ya kuangalia salio. Umetuma 3,000, simu ikaleta ule ujumbe wa Kiingereza unaotaja "MMI code", SMS haijafika. Hapo pesa huenda zimeenda au hazijaenda, na SMS inaweza kuchelewa kwa sababu netiweki ni dhaifu. Ukituma tena, unaweza kuwa umetuma 6,000. Angalia salio kwanza. Likiwa limepungua, muamala umepita. Ikiwa pesa zimeenda kwa mtu asiyehusika, omba zirudishwe mara moja. Kwa M-Pesa, unaupeleka ujumbe wote wa muamala kwa 456.

Ya pili ni ya mwenye biashara: SMS iliyo kwenye simu ya mteja si malipo. Wakati netiweki inasumbua, mteja atakuonyesha simu yake na kusema, "Si unaona imeenda?" Huenda anasema kweli. Lakini kutengeneza ujumbe wa uongo ni rahisi, na wakora wanapenda siku ambazo muuzaji hawezi kuthibitisha. Angalia salio la tili yako. Lisipofunguka, andika jina na kiasi, umwombe asubiri au aache bidhaa. Mteja mwema ataelewa.

Simu imenyamaza: ni mafundi au ni wakora?

Hapa ndipo tunaomba usome polepole.

Kuna wizi unaoitwa kubadilisha laini. Mkora anapata jina lako, nambari ya kitambulisho na maelezo mengine machache, kisha anafanya nambari yako ihamie kwenye laini iliyo mkononi mwake. Ikihama, laini iliyo kwenye simu yako inakufa. Hupokei simu, hupokei SMS. Ujumbe wote wa akaunti yako, pamoja na nambari za uthibitisho za benki, unaenda kwake.

Akaunti moja ya M-Pesa inaweza kubeba hadi shilingi 500,000, na muamala mmoja kufika 250,000. Kuna akiba zilizounganishwa na nambari hiyo, kuna mikopo ambayo inaweza kuchukuliwa kwa jina lako. Kwa hivyo wakora wanahitaji kitu kimoja tu kutoka kwako: muda. Wanahitaji uone simu imekosa netiweki, useme "wanarekebisha mnara", uiweke mfukoni na uendelee na kazi.

Netiweki ikipotea ghafla, fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Muulize jirani. Tafuta mtu aliye karibu nawe mwenye laini ya mtandao ule ule. Ikiwa yake pia imepotea, ni mnara. Ngoja.

2. Ikiwa yake inafanya kazi, zima simu yako uiwashe tena. Hakikisha hujawasha hali ya ndegeni.

3. Ikikataa bado, toa laini uitie kwenye simu nyingine. Ikifanya kazi huko, tatizo ni simu yako. Ikikataa huko pia, chukulia kwamba laini imebadilishwa.

4. Usingoje kesho. Azima simu ya jirani papo hapo, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako, na uombe laini na akaunti ya pesa zifungwe. Kisha piga benki yako. Halafu nenda dukani kwa kampuni ya simu na kitambulisho chako, na uripoti polisi upewe nambari ya OB.

Hatua ya kwanza haigharimu kitu na inachukua nusu dakika. Wafundishe wazazi wako mashambani, kwa sababu wao ndio wamezoea zaidi netiweki kuja na kuondoka.

"Tunaboresha laini yako iwe 5G"

Wizi huo mara nyingi huanza kwa simu. Sauti ni ya heshima, inakuita kwa jina. "Habari yako, mteja wetu. Tunapandisha laini za eneo lenu ziwe 5G. Laini yako itafungwa leo saa kumi kama hatutakamilisha usajili." Kisha anaomba nambari ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, PIN, au nambari iliyoingia kwenye SMS. Wengine hukuelekeza ubonyeze tarakimu hatua kwa hatua mpaka unatuma pesa mwenyewe ukidhani unasajili laini.

Kwa mtu ambaye amengoja miaka, simu hiyo ni kama jibu la maombi. Ndiyo maana inafanya kazi.

Ukweli ni huu. Mnara unaboreshwa na mafundi wakiwa mnarani. Hakuna sehemu ya kazi hiyo inayohitaji PIN yako. Hata mitambo ya M-Pesa ilipohamishwa kutoka Ujerumani kuletwa Kenya, Aprili 2015, PIN ya mteja ilibaki siri yake. Anayekuomba PIN, awe ni nani, kata simu. Safaricom huwapigia wateja wake kutoka 0722 000 000 pekee, na hata kutoka hapo PIN haiulizwi.

Kuna njia mbili za kujikinga mapema. Piga *106# uone nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako; ukiona usiyoijua, ripoti. Na ikiwa laini yako ni ya Safaricom, piga *100*100# ili laini yako isiweze kubadilishwa kwa wakala.

Je, wewe uko tayari ukifika?

Kuna watu wanaolalamika kwamba 4G haijafika, kumbe ilifika zamani. Angalia mambo matatu.

Simu yako inashika mtandao huo? Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mtandao wa simu, uone kama kuna chaguo la 4G au 5G. Lisipokuwepo, simu hiyo haitashika hata ukihamia chini ya mnara.

Limechaguliwa? Simu nyingine hutoka dukani, hasa za mtumba, zikiwa zimewekwa 3G pekee. Badilisha hapo hapo.

Laini yako ni ya zamani? Laini zilizotolewa kabla ya 4G zinaweza kuhitaji kubadilishwa. Hilo ni badiliko halali, na nambari yako na pesa zako hubaki zilivyo. Lakini lifanye ukiwa umesimama mwenyewe ndani ya duka la kampuni ya simu, kitambulisho mkononi. Laini haibadilishwi kwa kupigiwa simu, wala na kijana mwenye fulana ya kampuni aliyekukuta stendi ya matatu.

Siku mtandao mpya utakapofika, alama itabadilika yenyewe juu ya kioo chako. Hutapigiwa, hutaombwa chochote, na hakuna saa ya mwisho utakayopewa. Mpaka siku hiyo, pesa zako zinatembea vizuri tu kwenye ule mtandao wa zamani. Na simu yako ikinyamaza ghafla, kabla hujawalaumu mafundi, muulize jirani.