Alteneta Mpya, Batri Ileile Iliyokufa

Land Cruiser za mfululizo wa 40, zilizotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984, zina wapenzi wake Gisenyi na ng'ambo ya mpaka, Goma. Mwenye kufufua moja huanza na bodi: kutu inakwanguliwa, mabati yanachomelewa, rangi inapigwa. Umeme huachwa mwisho. Siku ya kuwasha, injini inanguruma vizuri, kisha jioni batri imekufa. Fundi anaagiza alteneta nyingine. Nadhani nyingi kati ya alteneta zinazotupwa hivyo hazina kosa lolote.

Alteneta haiwezi kujianzishia kazi. Koili inayozunguka ndani yake, yaani rota, lazima kwanza ipewe umeme kidogo wa batri ndipo igeuke sumaku. Sumaku hiyo ikizunguka katikati ya koili zilizotulia, umeme huzaliwa, na dayodi huunyoosha uende upande mmoja, kama batri inavyotaka. Waya mnene wa B unaokwenda kwenye batri, ambao kila mtu huukagua, ni njia ya kutokea tu. Unaoiamsha ni waya mwembamba.

Kwenye Toyota za zamani zenye regyuleta (kidhibiti cha volti) ya kando, nyaya nyembamba ni tatu: E, F na N. E ni ya bodi. F hupeleka umeme kwenye rota. Hutoka kwenye regyuleta, ambayo nayo hulishwa kupitia fyuzi pindi funguo inapowashwa. Fyuzi hiyo ikikatika, hakuna chaji hata alteneta ingekuwa imetoka dukani asubuhi hiyo. N ndiyo inayowachanganya wengi. Inatoka pale koili tatu zilizotulia zinapokutana, na alteneta ikizalisha, N huwa na karibu nusu ya volti za B, yaani 7 hivi. Volti hizo huvuta rilei, na rilei ndiyo inayozima taa ya chaji kwenye dashibodi.

Kwa hiyo taa kuzimika kunakuambia kwamba alteneta iko hai, basi. Waya wa B unaweza kuwa umekatika njiani, taa ikazimika vilevile, na batri isipate kitu. Aliyebadilisha F na N kwa bahati mbaya atakosa chaji kabisa, kwa sababu rota haikuamshwa.

Land Rover zina tabia nyingine. Alteneta za Lucas zenye regyuleta ya ndani huamshwa na umeme unaopita katika glopu ya taa ya chaji yenyewe. Glopu ikiungua, au mwenye gari akiweka LED kwa kupenda urembo, umeme unaofika kwenye rota unaweza usitoshe, na alteneta ikazunguka bure. Isitoshe, hadi 1967 upande wa chanya wa batri za Land Rover ulifungwa kwenye bodi. Gari la namna hiyo, kwa mfano lililoingia kutoka Kenya au Uganda, likifungwa alteneta ya kawaida bila kugeuza mfumo mzima, dayodi huungua papo hapo.

Halafu kuna ile rangi nzuri. Rangi haipitishi umeme. Regyuleta iliyofungwa juu ya rangi mpya isishike bodi sawasawa hudhani batri ina volti pungufu, ikaendelea kusukuma chaji hadi maji ya batri yachemke. Kwangua rangi chini ya kila boliti ya bodi, kaza, kisha paka grisi kuzuia kutu. Hewa ya Ziwa Kivu ina unyevu wa kutosha.

Kuna jambo ninalolipinga kabisa: kuchomoa waya wa batri injini ikiwa inazunguka, eti kujaribu kama alteneta inafanya kazi. Ujanja huo ni urithi wa enzi za dainamo. Alteneta ikipoteza batri ghafla, volti hupanda kwa kishindo na kuua dayodi. Multimita ya bei ndogo inatosha. Batri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi; injini ikizunguka, tarajia kati ya 13.8 na 14.5.

Ikiwa bado batri inafifia, washa taa kubwa, ongeza moto wa injini, na upime kutoka nguzo ya B ya alteneta hadi chanya ya batri. Kwenye waya mzima usomaji ni mdogo sana. Ukizidi nusu volti, tafuta kichwa cha waya kilicholegea au kuoza kabla ya kununua chochote. Kagua hasa pale waya unapotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi: injini hutikisika, bodi haitikisiki vilevile, na kwenye barabara za mawe ya lava za Goma waya ulionyooshwa sana hukatikia hapo, ndani ya ganda lake, usionekane kwa macho.