Vifuniko vya magurudumu ya ndege ndogo vyahitaji ulinzi katika viwanja vya nyasi

NDEGE ndogo inapotua katika kiwanja cha nyasi baada ya mvua, watu wengi huitazama rafadha na mabawa yake. Ni wachache wanaoinama kuangalia magurudumu, ilhali huko ndiko matope, mawe na nyasi huanza uharibifu unaoweza kuizuia ndege hiyo isipae tena salama.

Ndege nyingi ndogo ambazo miguu yake haikunjwi hewani, mathalan Cessna 172, huwekewa vifuniko vyenye umbo la tone la maji juu ya magurudumu. Kazi ya vifuniko hivyo ni kuiwezesha hewa ipite kando ya gurudumu bila kuvurugika, na hivyo kupunguza ukinzani unaoirudisha ndege nyuma.

Aghalabu hutengenezwa kwa faibaglasi, yaani nyuzi laini za kioo zilizogandishwa kwa gundi maalumu. Malighafi hiyo ni nyepesi na huchukua umbo lolote, lakini haistahimili kugongwagongwa.

Suala hili lina uzito wa pekee nchini Kenya. Ndege ziondokazo katika uwanja wa Wilson jijini Nairobi hupaa kutoka kwenye lami, lakini nyingi huelekea viwanja vya nyasi au changarawe katika mbuga za wanyama, mashamba makubwa na sehemu za mashambani zilizo mbali na barabara kuu.

Katika sehemu hizo, ndege hiyo hiyo iletayo watalii ndiyo huenda ikahitajika kumkimbiza mgonjwa hospitalini. Ikikwama kwa sababu ya gurudumu lililobanwa na tope, hasara si ya mwenye ndege peke yake.

Tope ndilo adui wa kwanza. Udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopatikana katika nyanda kama za Athi na Maasai Mara, hunata mno unapolowa. Tairi huuchota na kuurusha ndani ya kifuniko, nao hushikamana na kuta zake hadi nafasi kati ya tairi na kifuniko ikajaa.

Hapo gurudumu huzunguka kwa shida, kana kwamba breki imekanyagwa. Ndege inayojaribu kupaa huchelewa kupata kasi, na mwisho wa kiwanja huwadia kabla rubani hajawa tayari kuinua pua. Gurudumu la upande mmoja likibanwa zaidi ya jingine, ndege huvutwa kando.

Hatari hiyo huja juu ya ile ambayo nyasi zenyewe huleta. Mamlaka ya usafiri wa ndege nchini Uingereza huwashauri marubani waongeze umbali wa kupaa kwa asilimia 20 katika nyasi kavu zisizozidi urefu wa sentimita 20, na kwa asilimia 30 nyasi hizo zikiwa zimelowa. Ardhi ikiwa laini, huhitajika nyongeza ya asilimia 25 au zaidi.

Hesabu hizo ni za ndege ambayo magurudumu yake yanazunguka bila kizuizi. Isitoshe, uwanja wa Wilson uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na viwanja vya Mara navyo viko juu. Hewa ya huko ni nyepesi, na ndege huhitaji mwendo mrefu zaidi ardhini hata kukiwa kukavu.

Adui wa pili ni nyasi zilizokauka. Hujisokota kwenye ekseli na kujikusanya karibu na sahani ya breki, ambayo hupata joto kali rubani anapoikanyaga breki mara kwa mara. Nyasi kavu, mafuta ya breki yanayovuja na joto hilo vikikutana ndani ya kifuniko, moto waweza kuzuka mahali ambapo rubani haoni.

Kisha kuna mashimo ya ngiri na muhanga, vichuguu na mawe yaliyofichwa na nyasi. Tairi lisilo na upepo wa kutosha hukishusha kifuniko karibu na ardhi, na mguu wa mbele uliopungukiwa na gesi huishusha pua pamoja na rafadha. Shimo dogo ambalo lingepitwa bila madhara huweza kupasua kifuniko.

Tatizo hili si geni. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ndege za Ujerumani aina ya Junkers Ju 87 zilipopelekwa kupigana nchini Urusi kuanzia 1941, mafundi wake walilazimika mara nyingi kuvivua vifuniko vya magurudumu kwa sababu vilikuwa vikijaa tope.

Marubani wengi wa leo hufuata njia hiyo hiyo msimu wa masika, na kwa ndege kadhaa gharama yake ni ndogo. Kwa mujibu wa kitabu cha rubani cha Cessna 172S, ndege hiyo isipokuwa na vifuniko hupoteza noti 2 za mwendo, yaani karibu kilomita 4 kwa saa. Kwa ndege iendayo kilomita 200 kwa saa, safari ya saa moja huongezeka kwa takriban dakika moja tu.

Hata hivyo, kuvivua si jambo la kufanywa kiholela. Kwanza, sharti kitabu cha ndege husika kiruhusu, kwa kuwa si kila aina ya ndege hutendewa sawa. Pili, uzito wa ndege na mahali pa mizani yake hubadilika, hivyo hesabu hizo hupaswa kurekebishwa. Tatu, fundi mwenye leseni huandika kazi hiyo katika kitabu cha kumbukumbu na kutia sahihi.

Anayeamua kuviacha vifuniko mahali pake ana wajibu wa kuvitunza. Vitabu vya mafundi vya Cessna huagiza kwamba ndege inayotumia viwanja vyenye tope ikaguliwe ili kuhakikisha hakuna uchafu uliojikusanya na kuzuia gurudumu kuzunguka. Huagiza pia kwamba kipande cha chuma kinachokwangua tope kwenye tairi kipimwe nafasi yake kila tairi linapobadilishwa.

Wakati bora wa kuosha ni mara tu baada ya kutua, tope likiwa bado bichi. Likikauka huwa gumu kama tofali, na kulibandua kwa nguvu huweza kung'oa kifuniko chenyewe. Maji yatoke kwa nguvu ya wastani, wala yasielekezwe moja kwa moja kwenye beringi, kwani huondoa grisi na kuleta kutu.

Upepo wa matairi nao upimwe kwa kipimo, si kwa macho, na ulingane na kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha ndege. Wanaoisukuma ndege wakatazwe kukanyaga vifuniko, na fimbo ya kuvutia gurudumu la mbele ifungwe kwa uangalifu isije ikakikwaruza kifuniko.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa mdogo katika faibaglasi hurefuka kwa mtikisiko wa injini na ardhi. Mafundi hutoboa tundu dogo kwa keekee mwishoni mwa ufa ili usiendelee, kisha hubandika kiraka kwa ndani. Ufa ukiachwa hadi ufike kwenye matundu ya bolti, kifuniko kinaweza kulegea na kuligusa tairi.

Rubani mwenyewe anaweza kupunguza madhara kwa namna anavyoendesha. Atembee kwa miguu kukagua kiwanja asichokijua, aende polepole ardhini, na auvute usukani nyuma ili kulipunguzia uzito gurudumu la mbele. Penye tope, asisimame pasipo lazima.

Kabla ya kuwasha injini, ndege isukumwe taratibu hadi kila gurudumu lizunguke mara moja kamili. Hapo sehemu ya tairi iliyokuwa imefichwa na kifuniko huonekana, na fundi au rubani huweza kusikia iwapo kuna kitu kinachokwaruza. Gurudumu likikataa kuzunguka, safari isubiri hadi kifuniko kifunguliwe na kusafishwa, hata kama abiria wamekwisha kuketi.